Boxer ya kilomita elfu 71: niinunue au niwache?

SWALI

Assalaam alaikum fundi. Mie nakaa Wete huku Pemba na kazi yangu iko Chake, kila siku nakwenda na kurudi kwa gari za 606 na nishachoka, asubuhi zinajaa, jioni ukichelewa kutoka kazini unasimama kituoni mpaka magharibi. Sasa nimepata vijisenti vya karafuu za mzee na kuna jamaa anauza pikipiki ya Boxer 150, mita inasoma kilomita 71,400. Anasema miaka mitatu ilikua inapakia abiria, baadae akaipeleka kwao upande wa Micheweni anachukulia samaki pwani. Anataka milioni moja na laki tano, na mpya dukani naambiwa inakaribia milioni tatu ambayo mie sina. Anaapa kua injini haijafunguliwa hata mara moja. Wenzangu kazini wamegawanyika, huyu ananambia kilomita elfu 70 hiyo ishakwisha, yule anasema Boxer haifi. Mke wangu yeye anasema tusubiri tutafute mpya. Nifanyeje? Na nikenda kuiangalia niangalie nini, maana mie najua kuendesha tu, ufundi sina.

Msomaji, Wete

JIBU

Wa alaikum salaam mdogo wangu. Wenzako wote wawili wanabishana juu ya namba, na namba peke yake haikwambii kitu. Tuipigie hesabu kwanza. Elfu 71, hata zote tukizitia kwenye ile miaka mitatu ya abiria, ni kama elfu 24 kwa mwaka, ukitoa Ijumaa na siku za mvua unapata kilomita 80 hivi kwa siku. Kwa dereva wa abiria hiyo ni kazi ya kawaida kabisa, kwaiyo hadithi yake na mita yake vinakubaliana, na hilo ni jambo zuri, maana wengi hadithi inasema hivi na mita inasema vile. Ila kama alisema miaka mitatu ya abiria halafu mita ikawa inasoma elfu 20, hapo ungejua kuna siku nyingi waya wa mita ulikua umekatika. Kwenye pikipiki hizi mita nyingi zinaendeshwa na waya unaotoka tairi ya mbele, ukikatika tairi inazunguka lakini namba hazitembei, na kuna watu wanauchomoa makusudi. Na ikifika 99,999 inarudi sifuri. Kwaiyo ukifika, kabla hujaitizama mita, tizama mpira wa kiki, pedeli ya breki, mpira wa kukanyagia na ule wa gia. Hivo havidanganyi. Pedeli iliyolika ikawa inang'aa hadi ukingo umezama, hiyo imekanyagwa miaka.

Sasa injini. Boxer ni silinda moja, inapozwa na upepo, na inabeba oili kama lita moja tu, na oili hiyo hiyo ndo inayolainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Yaani hakuna akiba. Dereva anaetembea kilomita 80 kwa siku anamaliza elfu mbili ndani ya siku 25, kwaiyo kama alikua mtu wa kujali basi alikua anamwaga oili kila mwezi. Muulize hivi, usimuulize "ulikua unabadilisha oili?" maana kila mtu atasema ndio, muulize alikua anatia oili gani, ananunua duka lipi, na mara ya mwisho ni lini. Mtu aliekua anafanya kweli anajibu hapo hapo bila kutafuta, atakwambia 20W-50 ya pikipiki, duka la fulani, wiki iliopita. Anaeanza kuangalia juu na kusema "oili nzuri tu" ushapata jibu lako. Na akikwambia alikua anatia oili ya gari kwa sababu rahisi, jua kua oili za gari baadhi yake zina dawa ya kupunguza msuguano ambayo inafanya klachi iteleze, klachi ya pikipiki inakaa ndani ya oili.

Halafu hili la "injini haijafunguliwa". Nalisikia kila siku na watu wanalipenda sana, na mie nakwambia wazi kwa pikipiki ya kilomita elfu 71 iliopakia abiria silihesabu kua sifa. Injini haijafunguliwa maana yake ringi ni zile zile, valvu ni zile zile, cheni ya taimingi ni ile ile, na zote zinaelekea mwisho wake, na atakaelipia kuzibadilisha ni wewe. Mie ningependelea aniambie "ilifunguliwa ikiwa na elfu 55, nikatia bloku mpya, yaani silinda yenyewe, na pistoni na ringi, fundi ni fulani na risiti hii hapa". Hiyo ndo injini iliyobakiwa na maisha. Kinachotisha ni injini iliyofunguliwa kienyeji barazani, ukaona gasketi imepakwa gundi nyekundu inatoka pembeni na vichwa vya boliti vimelika kwa spana isiokua yake.

Lakini kwenye barua yako kilichonistua zaidi ni samaki. Sisi tunaishi kisiwani na chumvi ndo inayoua vyombo vyetu kuliko mwendo. Ndoo ya samaki inafungwa nyuma, maji ya chumvi yanadondoka njia nzima, yanapita chini ya kiti, yanaingia kwenye trei ya betri, yanakaa kwenye maungio ya fremu pale palipochomwa welding, yanateremka mpaka kwenye ule mkono wa nyuma unaoshika tairi. Halafu pikipiki inaegeshwa pwani juu ya mchanga, upepo wa kaskazi unapuliza, na hakuna anaeiosha kwa maji baridi. Ringi za pistoni unanunua dukani Chake na fundi anatia siku hiyo hiyo. Fremu iliyooza hainunuliki, na ikichomwa welding leo inakatika tena kesho pembeni ya ile welding, tena inakatika ukiwa barabarani na mtoto nyuma.

Kwaiyo mimi ningeanza na fremu hata kabla ya kuiwasha. Nenda asubuhi, jua limetoka, usende usiku wala usiende mvua inanyesha. Mwambie afungue kiti na yale mabati ya pembeni. Piga magoti kabisa, washa tochi ya simu, tizama chini ya tangi, chini ya betri, pale stendi ya kati inapofungwa, na pale shokapu za nyuma zinaposhika chini. Kutu ya juu juu yenye rangi ya chungwa unayoweza kuifuta kwa msasa hiyo si shida, Pemba nzima iko hivo. Unayoitafuta ni ile iliyovimba, inayotoka maganda maganda kama ngozi ya muhogo. Chukua bisibisi, kwa mpini wake gonga taratibu kwenye bomba la fremu kote, chuma kizima kinalia, kilicholika ndani sauti yake inakua nzito imekufa. Halafu kwa ncha yake bonyeza pale penye welding ya mkono wa nyuma. Ikizama, rudisha bisibisi, mshukuru jamaa, ondoka. Usibakie kuzungumza bei. Na ukikuta fremu imepuliziwa rangi nyeusi mbichi chini kule ambako hakuna mtu anaeangalia, jiulize aliepulizia alikua anaficha nini.

Ukiwa hapo hapo chini tizama spoku na matundu yake kwenye rimu, na ushike plagi za nyaya moja mbili uzichomoe. Ukiona unga wa kijani ndani ujue chumvi ishaingia kwenye umeme, na huo ugonjwa wa taa kuzima na indiketa kugoma utakusumbua mpaka uchoke. Fungua na mfuniko wa tangi umulike ndani. Kutu ndani ya tangi inashuka kwenye kabureta kila siku.

Sasa iwashe. Kabla hujaiwasha weka mkono kwenye bloku. Iwe baridi. Kama ya moto, jamaa ashaiwasha kabla hujafika, na pikipiki mbovu ikishapata moto inaficha mambo mengi, mwambie kwa adabu tu "kaka wacha ipoe nitasubiri", mkae mnywe chai. Halafu piga kiki kwa mguu hata kama ina selfu, usikie kama kuna nguvu inayokurudisha. Kiki ikishuka laini laini kama haina kitu, mgandamizo umekwisha. Ikiwaka simama nyuma ya ekzosi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi unaopotea ni unyevu tu, usihangaike nao. Moshi mweusi ni mafuta mengi, kabureta hiyo, inarekebishika kwa pesa ndogo. Moshi wa buluu ndo oili inaungua. Ukitoka ukivuta mafuta basi mara nyingi ni ringi na silinda, ukitoka pale unapowachia mafuta kuteremka mlima halafu ukavuta tena basi mara nyingi ni sili za valvu. La pili lina nafuu kuliko la kwanza. Sikiliza pia upande wa cheni ya taimingi, kama kuna mlio wa kugonga gonga cheni juu juu hiyo ni taimingi au tapeti, lakini mlio mzito wa chini unaoongezeka ukivuta mafuta ni koneksheni rodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni kwa chini, na pikipiki yenye mlio huo usiinunue kwa bei yoyote.

Ipeleke mlimani. Pemba hatukukosa milima alhamdulillah. Kipande cha mlima kirefu, tia gia kubwa, vuta mafuta mengi kwa ghafla. Injini ikilia juu lakini pikipiki haiongezi mwendo, klachi inateleza. Kwenye kuteremka jaribu breki zote mbili kila moja peke yake, na wachia usukani kidogo sana kwenye tambarare usikie kama unavuta upande. Ukirudi shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi uivute kuelekea nyuma, ikinyanyuka ukaona nusu ya jino basi seti nzima ya cheni na sproketi imekwisha, na meno yaliyopinda kama kulabu pia hivo hivo. Tikisa tairi kushoto kulia kwa ajili ya beringi. Haya ni matengenezo ya kawaida tu, yasikutoe kwenye nia, ila yote uyaandike kwenye simu.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalipendi lakini mkweli atakubali: mwambie umwage oili yake mbele yake, wewe utanunua lita mpya. Wacha zile tone za mwisho zidondoke juu ya kitambaa cheupe, kipeleke juani. Oili nyeusi ni sawa, ndo kazi yake. Ukiona inametameta vipande vidogo vya chuma, gia au beringi zinalika. Ukiona imekua kama maziwa, maji yameingia, na kwa pikipiki ya kubebea samaki pwani siwezi kushangaa.

Yote haya usiyafanye peke yako. Chukua fundi wako, si fundi wake wala fundi "wa jirani hapa" atakaeitwa na muuzaji, na mpe ujira wake hata ukiiwacha pikipiki, asije akahisi kua hela yake inategemea wewe kununua.

Kuhusu karatasi ntakwambia kwa ufupi lakini usipuuze. Pikipiki nyingi za abiria zilianza kwa mkataba, dereva anapeleka hesabu kwa tajiri mpaka chombo kinakua chake, na wapo ambao deni lilikwisha lakini kadi imebaki kwa jina la tajiri miaka yote. Angalia jina kwenye kadi. Kama si la huyu jamaa, mwenye jina aje mwenyewe. Soma namba ya fremu na namba ya injini kwenye chuma, herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi, na kama chumvi imekula namba ya fremu haisomeki hiyo ni shida kubwa sana siku ya kuhamisha umiliki. Andikishianeni kwa sheha kuwe na mashahidi, nendeni ofisi ya usajili pamoja, na pesa ya mwisho itoke mkononi mwako huko, isitoke barazani kwake.

Sasa bei. Kabla hujaenda kuiona pita duka la spea uulize bei ya seti ya cheni na sproketi, tairi ya nyuma, breki shu, na bloku na pistoni na ringi zake. Kila utakachokikuta kimekwisha kitoe kwenye milioni na nusu yake. Usione haya, hizo ndo pesa utakazotoa mwezi wa kwanza kwa hali yoyote. Wewe utatembea kilomita 60 kwa siku Wete na Chake, siku tano ni 300, yaani kama elfu 15 kwa mwaka, na kwa injini ambayo kweli haijafunguliwa mie ningehesabu kua ndani ya mwaka huo itafunguliwa. Kwaiyo bei ya bloku na ujira wa fundi vitoe pia, au angalau uwe navo pembeni. Kama karafuu zote zinaishia kwenye kuinunua na hubaki na kitu, basi mkeo yuko sahihi, subirini.

Ukiniuliza mie binafsi: fremu ikilia vizuri kote, namba zinasomeka, hakuna moshi wa buluu wa ringi, na akashuka mpaka karibu na milioni moja, ichukue, Boxer spea zake zimejaa kila mahali na kila fundi Pemba anaijua. Fremu ikiwa na mashaka hata sehemu moja, iwache hata akikupa kwa laki sita. Na wakati unatafuta usizikimbie zenye kilomita nyingi zaidi. Pikipiki ya kilomita elfu 90 ya mtu wa Chake mjini anaekwenda kazini na kurudi, inalala ndani ya banda, haijui pwani, mie nitaichukua mbele ya hii ya elfu 71 bila kufikiri mara mbili.

SWALI

Salaam fundi, mie niko Fuoni. Nimeoneshwa pikipiki ya TVS ina kilomita elfu 48 tu na bei ni ndogo sana kuliko zote nilizoziona, ila namba yake ni ya Bara inaanza na MC. Mwenyewe anasema kadi itakuja na boti wiki ijayo. Nitoe advansi?

JIBU

Usitoe hata shilingi, ndugu yangu. Namba ya MC ni ya Tanzania Bara, chombo cha kutumika hapa kwetu kinatakiwa kiwe na namba ya Z, na kukihamisha kunataka kadi halisi, mwenye kadi au barua yake, na gharama ambazo muuzaji hajakutajia, na labda ndo sababu ya hiyo bei. Kadi ikija, piga picha, nenda nayo wewe mwenyewe ofisi ya usajili pamoja na namba za fremu na injini, uliza kama ni safi na uliza jumla ya gharama za kuihamisha mpaka ipate Z. Ukishajumlisha ndo ulinganishe na zenye Z. Kama kuna siku kadi "imesahaulika Dar" tena, achana nayo.

SWALI

Assalaam alaikum. Mimi ni mama wa Jambiani, marehemu baba ameniwachia Vespa yake ya PX, mita inasoma elfu 38, imekaa bandani kama miaka mitatu haijawashwa. Kijana wangu anataka kuitia spea aitumie na kuna mtu mwengine anataka kuinunua. Ina thamani au ni chuma chakavu?

JIBU

Wa alaikum salaam bi mkubwa, Mungu amrehemu mzee. Ile elfu 38 usiifuate, mita ya Vespa ya zamani inaweza kua ishazunguka mara moja au mbili. Vespa inatofautiana na pikipiki kwa jambo moja kubwa, haina fremu ya bomba, lile bodi lenyewe ndo fremu. Kwaiyo kwa nyumba iliyo ufukweni kama Jambiani swali lako lote liko kwenye sakafu pale miguu inapokaa. Kijana atoe mpira wa sakafu, ailaze ubavu juu ya gunia, atizame chini, hasa pale penye breki ya mguu na pale sakafu inapoungana na bodi la nyuma. Ikiwa nzima, Vespa yako ni mali, usiiuze kwa bei ya chakavu wala usikubali anaekwambia "nakusaidia tu kuiondoa". Ikiwa imetoboka matundu madogo, fundi wa bodi anaweza kukata na kutia bati jipya, ni kazi lakini inafanyika. Ikiwa imekula mpaka kwenye uti wa kati, basi iuzeni kwa spea, injini na rimu na taa vina wateja.

Asiipige kiki kwanza. Amwage petroli ya zamani yote, asafishe tangi na kabureta, atoe plagi adondoshee oili kidogo ndani ya silinda iloweke usiku mmoja, ndo aizungushe taratibu. Ikiwaka ikatoa moshi mzito usiokwisha, mara nyingi ni sili ya upande wa klachi imekauka kwa kukaa na injini inavuta oili ya gia, sili yenyewe ni rahisi lakini injini inabidi ishushwe. Na mwambie hiyo ni tu-stroki, yaani oili ya injini inaungua pamoja na petroli, haina oili ya injini ya kumwaga kama Boxer. Kama haina tangi lake la oili pembeni, petroli inachanganywa na oili ya tu-stroki asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa kila lita, aipime kwa kichupa cha dawa ya watoto kabla hajatia kwenye tangi.